Saa Tatu ya Elgon View

Mimi sikuiba kitu. Naanza na hiyo kwa sababu wapangaji wa ile ploti ya Munyaka, hapa Eldoret, walisikia nikiitwa mwizi, na wengine mpaka leo wanafunga mlango nikipita.

Kazi yangu ilikuwa kuangalia nyumba: kufagia, kubadilisha balbu, kufungulia maji. Shule niliachia darasa la tatu, kwa vile baba alihitaji mtu wa kuchunga, na siwezi kumlaumu, walikuwa ng'ombe wazuri. Lakini kuhesabu vitu najua. Kwa dari ya kila korido kulikuwa na kisanduku cheupe cha waifai, kama sahani iliyogeuzwa. Gorofa tatu, visanduku vitatu. Nilikuwa navipangusa mwenyewe.

Sasa meneja. Huyu ni mtoto wa mwenye nyumba, amezaliwa Elgon View, mtaa wa matajiri, na Kiswahili anakivaa kama kiatu cha kuazima. Wapangaji walilalamika waifai inakatika. Akafungua laptopu akasoma logi, ndiyo daftari ambalo kisanduku kinajiandikia mambo yake chenyewe. Jumamosi asubuhi, wapangaji wakifua nguo, akaniita mbele yao.

"Mzee, intafesi ni nne. Moja imeondolewa. Iko wapi?"

"Intafesi ndiyo nini, bosi?"

"Ile ya wageni. Imeandikwa hapa, removed. Kuna mtu ameitoa."

"Visanduku ni vitatu. Hata siku vinawekwa vilikuwa vitatu, mimi ndiye nilishika ngazi."

"Jana saa tatu ulikuwa wapi?"

Na mimi, mjinga wa kusema ukweli, nikamjibu: "Saa tatu nilikuwa juu ya ngazi, hapo hapo kwa kisanduku, natoa utando wa buibui."

Akageukia wapangaji. "Mmesikia. Amekubali mwenyewe."

"Mzee, rudisha basi tuone mpira," mmoja akasema kutoka kwa karai lake, na wakacheka.

Halafu akaingia chumba changu. Akageuza godoro. Akamwaga unga wangu kwa gazeti akitafuta hiyo intafesi. Unga wa mahindi ya Moiben, nimesagisha mwenyewe, mweupe hata hauhitaji kuchekechwa. Nilimwangalia akichovya vidole ndani. Umri wangu huu. Akasema ananipa mpaka Ijumaa niilete, la sivyo ni polisi. Wiki nzima sikulala vizuri, na si kwa woga, ni kwa hasira. Mwizi anayejua alichoiba ana nafuu. Mimi nilikuwa nimeiba kitu nisichojua hata kama kinaingia mfukoni.

Ijumaa akaleta fundi wa mtandao, mama mmoja mpole, afunge ya nne mpya. Fundi akapanda ngazi yangu, akashuka, akauliza nani amesema kuna kitu kimepotea.

"Mzee, hiyo si kitu ya kushika," akaniambia. "Kisanduku cha chini kimebeba majina mawili, la wapangaji na la wageni. Ni kama wewe, kanisani una jina, nyumbani una lingine. Logi inahesabu majina."

"Na hiyo removed?"

"Waya wake umelegea pale juu. Stima ikikatika jina linaondolewa, ikirudi linarudishwa. Ona mstari wa chini yake: added, imeongezwa. Dakika hiyo hiyo."

Mstari wa chini. Kijana wa chuo kikuu hakusoma mstari wa chini.

Kusoma Kizungu siwezi, lakini namba ni namba. Niliona sifuri, tatu, halafu kumi na mbili. Nikauliza, "Mama, hii ni saa tatu ya nani?"

"Hiyo ni saa tisa usiku, Mzee. Saa tatu asubuhi mashine ingeandika tisa."

Nikamgeukia meneja. Ameona tatu, akasema saa tatu. Amekulia Eldoret hii, na hakuna mtu aliwahi kumwambia saa tatu ni wakati wa chai.

"Basi ilikuwa misunderstanding tu, Mzee," akasema polepole, fundi akifunga begi lake. "Tusahau."

"Uliniita mwizi mbele ya watu. Uyaseme haya mbele ya watu. Kesho saa tatu, hapa kwa karai."

Akakubali.

Jumamosi saa tatu niliwaambia wapangaji wangoje. Wakangoja, wengine nguo mkononi zinatoa povu. Saa nne wakaanika. Saa sita wakaanza kutoka, huyu mjini, yule matanga. Yule wa mpira akaniambia, "Mzee, hata radhi imekuwa removed."

Meneja alifika saa tisa kamili alasiri, ameoga, anaangalia saa yake. Korido ilikuwa tupu, mashuka tu yananing'inia.

"Saa tatu, Mzee, kama tulivyosema. Watu wako wapi?"

Nilimpa funguo zote za nyumba, na kazi yake. Ngazi nikamwachia imeegemea ukuta, chini ya kisanduku, ahesabu mwenyewe.