Kilima Kilichoitwa Wingu

Mimi ni mwongo na sioni haya kusema. Niliwahi kuapa mbele ya watu wazima kwamba jogoo wangu ametaga, wakaja na vikapu. Lakini uongo wangu huchekesha. Uongo wa Bwana Safi unanitia kichefuchefu, maana huo tulikuwa tunaunywa.

Bwana Safi ndiye mkubwa wa mkamwana wangu kule ofisi ya ardhi. Jina hilo nimempa mimi. Nywele kazipaka mafuta hata nzi akitua anateleza, na kwake kila kitu ni "safi". Mkamwana wangu, mke wa kitinda mimba wangu, ni mtu wa maneno machache, miwani yake minene kama kitako cha chupa, na chai yake hupoa mezani kila siku huku amekodolea macho kompyuta. Kazi yake ni kulinganisha picha za nchi zinazopigwa na setilaiti huko juu, aone wapi msitu umekatwa, wapi mto umehama, wapi nyumba zimeota.

Siku moja tukichambua mboga nikamuuliza, "Na mawingu je? Hayazibi?"

"Yanaziba sana, Mama. Ndiyo maana hatutumii picha moja. Kompyuta inatoboa penye wingu, halafu inaziba tundu kwa kipande cha picha ya siku nyingine."

"Kumbe! Umesoma miaka kumi na saba uje kushona viraka?"

Alicheka mpaka akatia mboga kwenye ndoo ya taka na mizizi kwenye sufuria.

Sasa, juu ya mtaa wetu kuna kilima, na chini yake chemchemi tunayoteka maji. Wachimba chokaa waliingia na mitambo yao, wakakitafuna kilima kama panya atafunavyo mkate. Maji yakawa meupe. Ukiyachemsha, sufuria inaota magamba. Ukiyaoga, unatoka kama mzuka, hata mume wako anakukimbia. Mjukuu wangu aliharisha siku nne. Ikabaki ripoti ya ofisi ya ardhi tu: ikionyesha kilima kimeliwa, machimbo yafungwe, ikionyesha ni kizima, waendelee kuchimba nasi tuendelee kunywa.

Mkamwana akarudi kutoka kazini uso umemshuka.

"Mama, kilima kwenye picha ni kijani."

"Kijani cha wapi? Hata mbuzi hapati cha kutafuna kule!"

"Chokaa ni nyeupe. Kompyuta imedhani ni wingu, ikatoboa, ikaweka kiraka cha mwaka juzi, wakati miti ingalipo."

"Umemwambia mkubwa wako?"

"Nimemwambia. Kasema picha imetoka safi, kesho nitie sahihi."

Nikatema mate. Mashine ilikosea, haina akili, naisamehe. Yule alielezwa akaelewa, akapenda kosa lilivyokaa.

"Hakuna setilaiti isiyojali weupe?"

"Ipo ya rada. Ile haitazami, Mama, inapapasa. Wingu haliizuii, na miti ikiondoka inajua."

"Basi mlete kipofu atoe ushahidi pamoja na hao wenye macho."

Asubuhi aliwahi ofisini akazichanganya picha za aina zote mbili. Nami nikafuata, na chupa yangu kwapani.

Tulimkuta Bwana Safi akichokonoa meno kwa kijiti. Alichokitoa alikitazama, kisha akakirudisha mdomoni. Wallahi, hilo sikulitunga.

Mkamwana akamwekea picha. "Mzee, nimeongeza rada. Hapa miti hakuna, pamechimbwa."

"Dada, unaniharibia ramani. Hapo ni wingu tu, kompyuta imeshasema."

Nikafungua chupa, nikamjazia glasi yake. "Karibu, baba, kunywa."

"Nini hii, Bibi?"

"Mawingu. Nimeyateka asubuhi chini ya kilima."

Karani wa meza ya pili akapaliwa na chai. Bwana Safi akanusa, akakunja pua. "Mbona yana mchanga?"

"Ya kwetu yanaiva hivyo. Mjukuu wangu keshayamaliza ndoo nzima, wewe glasi tu inakushinda?"

Ndipo mkamwana, yule mkimya, akasema, "Mzee, ile ya kijani mimi sitii sahihi. Weka jina lako."

Bwana Safi akapatazama mahali pa kutia sahihi kama mtu aliyeona nge kwenye kiatu. Uongo wenye jina la mwingine aliuweza. Wenye jina lake, hapana. Ikapelekwa picha yenye shimo.

Machimbo yamefungwa. Siku ya kufunga, Bwana Safi alisimama mbele yetu akatangaza kwamba aliligundua shimo "kwa jicho langu la kitaalamu". Watu wakapiga makofi. Mkamwana wangu alikuwa nyuma kabisa, anafuta miwani. Kisha yule bwana akaja kunipa mkono, laini, una unyevu, kama ulimi wa ng'ombe.

Nikaenda moja kwa moja chemchemini kunawa. Maji bado meupe. Nikasimama nimenyoosha viganja, sijui kipi kichafu zaidi, kiganja alichokishika au maji ya kukioshea.