Tuliuza ng'ombe wa kulima tukanunua mota ya stima: yaliyotupata Migori

Wakuu, salamu kutoka Migori.

Mimi ni nyanya. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo anayechapa ni mjukuu wangu Achieng, na Kiingereza mtakachoona humu ni chake. Majina na mambo ni yangu. Chumvi siongezi, haya yenyewe yalikuja na chumvi ya kutosha.

Achieng amenisomea mnavyosifu magari ya stima humu. Mota haina moshi, iko na torque, eti hata kwenye ndege wataifunga. Sikatai. Hiyo nguvu niliiona miaka ya tisini, kwa macho yangu.

Mume wangu Elisha alikuwa na posho mill, kinu cha unga cha dizeli, hapa sokoni, kando ya barabara ya Isebania. Ile engine unazungusha handle, inakohoa, inazima, unazungusha tena. Stima ilipofika sokoni, Elisha akasema tuhamie huko. Upande wa Homa Bay kulikuwa na kiwanda kimefungwa, wanauza mota ya three-phase.

Tukauza ng'ombe wetu wawili wa kulima, Rateng' na Rabuor.

Rateng' alikuwa mweusi. Alijua jina lake hata ukimwita kwa sauti ya chini.

Nikamuuliza Elisha, "Na shamba tutalima na nini?"

Akacheka. "Mama Odhiambo, hiyo mota italima ikiwa imesimama kwa nyumba." Alimaanisha kinu kitatulipia wa kulima.

Mota ikaletwa na pickup, wanaume wakaishusha wakiguna. Soko lote likaiita Rwath, yaani fahali kwa lugha yetu. Fundi Otieno akaifunga na waya zake tatu za stima.

Na wakuu, alikuwa fahali kweli. Unabonyeza tu, anashika. Mwagia mahindi, mwagia mtama, hashtuki. Perez alikuwa anatoka mbali na debe kichwani, akipita vinu vingine njiani. Robi, mama Mkuria, alikuwa akileta wimbi yake na kusema unga wa kwetu hauna mchanga. Nawakumbuka wote.

Sasa ile Ijumaa.

Sisi ni Wasabato. Jua likizama, kinu kimefungwa mpaka Jumamosi jioni. Na kwa jirani kulikuwa na matanga, mzee anazikwa Jumapili, mahindi ya unga wa wageni wote yako kwetu hayajasagwa. Usiku uliopita kulikuwa na upepo mkali.

Elisha akabonyeza. Rwath akanguruma, nguuuu, lakini hazunguki. Akazima, akabonyeza tena. Nguuuu.

Otieno hayuko, amekwenda Kisegi kwa mamake. Elisha akasema tumngoje.

Hapo ndipo Nashon, ndugu yake Elisha, akaingia. Nashon ndiye aliyekuwa akilima na wale ng'ombe wetu. Hakuna mtu alijua ng'ombe kama yeye.

"Omera, ndugu yangu," akamwambia Elisha, "ng'ombe akilala katikati ya shamba, unamwangalia tu?"

Mnaolima na jembe la ng'ombe mnajua. Akilala unashika mkia, unavuta juu, anaamka anaendelea.

Perez akapiga kelele kutoka foleni, "Nashon, chunga asikupige teke!"

Watu wakacheka. Nashon akashika mkanda wa kinu kama mkia, Elisha akabonyeza, Nashon akavuta.

Rwath akaamka.

Akina mama wakapiga vigelegele. Mahindi yakaanza kushuka. Mimi nilikuwa nashika gunia pale chini, nikasikia hiyo sauti si yake. Ilikuwa nzito, kama mtu anayebeba na anaona aibu kusema amechoka.

Kile kisanduku cha starter, cha kuwashia mota, kikawa kinakata stima. Kina kidude kinaruka, mota inazima. Kikiruka, wanaanza tena, mkanda, vuta. Mwishowe Nashon akachukua gunzi la mahindi, akazuia nalo kile kidude kisiruke.

Unga wa matanga ulikuwa karibu kuisha tuliposikia harufu. Kama rangi, kama nywele. Halafu moshi.

Jua lilikuwa bado halijazama.

Otieno aliporudi alitazama juu ya nguzo kabla hata ya kuingia. Waya moja ilikuwa imekatwa na upepo.

"Mota ya waya tatu ikikosa moja haianzi," akasema. "Inanguruma tu. Ukiisukuma kwa mkono itakubali, lakini zile mbili zinabeba mzigo wa tatu mpaka ziungue. Na kile kidude kilikuwa kinawaambia."

Nashon aliangalia mikono yake.

Tuliipeleka Homa Bay kusukwa upya copper, zile waya za ndani. Ikarudi, ikaungua tena.

Mvua ikaja. Ng'ombe hakuna, kinu hakuna. Tukalima na jembe la mkono.

Elisha akawa wa kukaa mlangoni mwa kinu. Si mgonjwa, si mzima. Ukimwita anaitika mmh, lakini hainuki. Nashon alikuja kila asubuhi, na alikuja kwa upendo, hilo naapa. "Omera, amka twende." Anamshika mkono, anavuta. Elisha anaamka, anachukua jembe, analima mpaka jua linawaka. Watu kanisani wakasema amepona, Mungu ni mwema.

Mimi nilikuwa mstari wa pili nyuma yake, nasikia anavyopumua.

Alianguka kwenye mahindi kabla ya palizi ya pili. Nashon akamshika mkono, akavuta, akavuta. Tukamwambia Nashon, mwache sasa.

Nashon naye amekufa. Mkia wa ng'ombe hakushika tena.

Wakuu, somo langu ni fupi. Kitu kikinguruma bila kuzunguka, usikiite kivivu. Zima kwanza, tafuta waya iliyokatika. Ya Rwath, Otieno aliiona juu ya nguzo. Ya Elisha mpaka leo sijui ilikatikia wapi, na hakuna aliyeniangalizia.

Rwath bado yuko hapa uani, mtupu ndani. Tunafungia mbuzi kwake. Achieng anataka tumuuze kwa wanunuzi wa vyuma, mimi sijasema ndiyo.

Nyinyi mngemuuza? Semeni, Achieng atanisomea.