Hakimu Aliyekula Matangani

Mume wangu, Paulino Andama, alikuwa wakili, na kazi aliyopewa tuliporudi kutoka ukimbizini ilikuwa kuchunguza mwenendo wa mahakimu. Kazi hiyo iliniaibisha. Kila alikokwenda alikataa hata chai, akatafuna muhogo aliotoka nao nyumbani. Wanawake wa Oli, mtaani kwetu, wakaniuliza kama ninampikia sumu, hata aogope vyungu vya wenzangu.

Mwaka 1992 Kiden, mjane wa mjini Koboko, alimshtaki Hakimu Lokule. Alisema hakimu alikula matangani kwa mpinzani wake wa kesi, na kesho yake akampa mpinzani huyo shamba la Kiden. Jina hilo nililijua. Tulipokimbilia Zaire baada ya vita vya 1979, nikajifungua njiani, Lokule ndiye aliyetugawia unga wa watoto wake. Binti tukamwita Candiru, yaani wa shida, kwa shida zile, naye akaishi.

Jioni ya kuamkia kikao cha shtaka hilo, Lokule alikuja kwetu.

"Ndugu, we nasahau Zaire? Andika tu hakuna kitu."

Mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya wali, nikasikia yote.

Koboko, watu walijaa mpaka madirishani. Lokule alikubali kwamba alikula, lakini akakana upendeleo.

"Mutu nakataa chakula ya matanga namna gani?" aliuliza, na watu wakaitikia.

Paulino akaweka kalamu chini. "Nimekula kwake. Siwezi kumhukumu."

Nikashusha pumzi. Kumbe ngoma bado mbichi. Alimwachia kiti msaidizi wake, Adrabo, akahamia benchi la mashahidi, akaeleza jinsi Lokule alivyomwomba aizike kesi.

"Nani mwingine alisikia?" Adrabo akauliza.

"Mke wangu."

Nilimchukia, nasema wazi. Nikasimama, Kiden ananikazia macho. Kabla sijafungua mdomo, Lokule akainua mkono.

"Mama Candiru, kaa chini. Mi nilienda. Mi nilisema. Iko kweli."

Nikakaa, nikalia mbele ya watu wote. Kesi ya Kiden ilisikilizwa upya akarudishiwa shamba, na Lokule akafutwa kazi. Hadi leo anaamini aliniondolea mzigo wa kusema kweli. Mimi nilikuwa nimesimama niseme sikusikia neno.