Muzuri Hapana Jibu

Kwetu Butembo mtu akikuuliza habari, unajibu muzuri. Nyumba imeungua jana: muzuri. Maiti iko ndani: muzuri kidogo. Tulilelewa hivyo, na ndiyo maana nilianguka mtihani wa kwanza.

Mtihani wenyewe ulikuwa karatasi ya maswali pale kituo cha afya. Nilikuwa nimeugua kichwa baada ya kuzaa. Nilisikia sauti, nikazunguka mtaa wetu wa Vulamba bila kitenge, watu wakicheka. Familia ya bwana yangu wakaja wakabeba binti yetu mchanga, wakampeleka Beni kwa mama mkwe. Bwana akafuata biashara Kamango, hakurudi. Nikabaki na dawa na vyumba viwili.

Hata jina walininyang'anya. Mwanamke kwetu huitwa kwa mtoto wake, mama fulani. Majirani wakaacha. Nikawa "ule wa pale".

Mama mkwe alisema mtoto hatoki bila barua ya muganga kwamba nimepona. Muganga wetu, daktari kijana aliyetumwa kutoka Kinshasa, akanieleza: kila miezi mitatu ataniuliza maisha yangu yakoje, nami nitajibu kwa namba. Moja ni mbaya sana, tano ni nzuri sana. Pointi zikipanda, ataandika barua.

Donc, basi, nikaketi. Usingizi? Muzuri. Marafiki? Muzuri. Unafurahia maisha? Muzuri. Akaweka chini biki yake ya kuandikia, akacheka.

"Mama, hii hapana salamu. Sema ya kweli."

Nikasema ya kweli. Kwamba nakula bugali nikiwa nimesimama, maana kuandaa meza ya mtu mmoja ni ujinga. Kwamba kwenye misa, tukifika pa kupeana amani, benchi yangu yote inageukia upande mwingine. Kwamba maziwa nilikuwa nikiyakamulia chini kwenye udongo mpaka yakakauka. Akaandika moja, moja, mbili. Akajumlisha. Hazitoshi, akasema, turudi tena baada ya miezi mitatu.

Hasira ikanipanda.

"Mulikamata mutoto yangu, sasa munapima namna inaniuma. Na juu inaniuma, munakatala kumurudisha. Ku karatasi yako, fasi ya mutoto iko wapi?"

Aliitafuta kweli hiyo nafasi. Akageuza karatasi, akaangalia nyuma. Haikuwepo.

Mimi nimemaliza sekondari, mtihani naujua. Mara ya pili sikumpa tano, angecheka. Nilimpa nne, tatu, nne, na kwenye usingizi nikampa mbili ili aamini. Alifurahi mpaka akanishika mkono, akasema maisha yangu yamepanda. Hakuna kilichopanda. Asubuhi ile ile nilikuwa nimekula nimesimama. Akaandika barua, akapiga muhuri.

Kule Beni, mama mkwe aliisoma mara mbili, kidole chini ya kila neno. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nilikuwa nimejiandaa kwa matusi tu, si kwa macho. Akamwita mtoto, anayekaribia miaka miwili sasa.

"Kuja usalimie mama yako."

Mtoto akashika mguu wa nyanya yake, akanitazama.

"Bonjour, tantine." Yaani nimekuwa shangazi.

Ndani ya gari alilia toka Beni mpaka Butembo akiita mama, na hakuwa akiniita mimi. Abiria mmoja akauliza kama nimeiba mtoto wa watu. Nikamwonyesha ile barua. Hakuisoma, alitazama muhuri tu.

Nyumbani niliandaa meza, bugali na sombe ya majani ya muhogo, sahani mbili. Nikaketi. Mtoto akakataa, akasimama katikati ya chumba, uso mlangoni. Nilipotoka kumwaga maji ya kunawa, jirani alichungulia juu ya ua, mwanamke ambaye kwa mwaka na zaidi hakuwa amefungua kinywa kwangu. Akaniita mama wa binti yangu, kwa jina lake kabisa, akauliza habari.

"Muzuri," nikamjibu.

Nikarudi ndani. Chakula kilikuwa kimepoa. Mtoto alikuwa bado ameelekea mlango.