Kipimo Kilichomsikia Bibi

Juzi, kwenye zahanati ninayofanyia kazi hapa Same, mzee mmoja mwenye kiungulia aliniambia amekula uji tu. Nilimkumbuka bibi yangu, mwanakwaya wa Kilutheri, mchana ule nilipomsindikiza, nikiwa mtoto, kwa daktari kule milimani. Chumba kilinukia spiriti.

"Jana nilikula makande tu," bibi alisema.

Daktari alipovaa kipimo masikioni na kumwekea ncha yake tumboni, niliamini kinasikia kila kilichomo. Nikamnong'oneza, "Bibi, itaje na ile dengelua ya harusini. Anaisikia."

Bibi alitazama dari. "Na pombe ya harusini, daktari. Vikombe viwili."

Daktari akaendelea kusikiliza.

"Vitatu," bibi akasema.

Leo najua kipimo kile husikia tumbo likinguruma tu. Hata hivyo, juzi nilimwekea yule mzee kipimo tumboni, nikasikiliza.

"Na mbuzi," akasema taratibu.