Nyuki kwenye Gari la Bwana Nasor

Pelagia hakuwa mwoga. Nimechemsha nta naye miaka sita katika ua wa Bwana Nasor, hapa Tabora, na nimemwona akimkimbiza karani mzima kwa mwiko wa moto. Kwa hiyo asubuhi ile ya Oktoba, mwaka wa hamsini na tatu, nilipomkuta amekaa juu ya gunia la masega, kanga imemlegea, nilijua kuna jambo.

"Umefiwa?"

"Bado. Lakini Kornel anafukuzwa leo."

Kornel ni mumewe, dereva wa Bwana Nasor. Walikaa chumba cha nyuma ya ghala, na chumba kile kilikuwa cha dereva, si cha mchemsha nta. Dereva akitoka, na godoro linatoka.

Kisa ni kile kitu cha dirishani. Bwana Nasor alinunua gari kubwa kwa Mzungu wa madini aliyekuwa akirudi kwao, likaja na pipa la bati limening'inia dirisha la kushoto. Ndani ya pipa mna maranda ya mbao, membamba kama nyuzi. Unatia maji, unavuta kamba, maranda yanazunguka na kulowa. Gari likienda, upepo unaingia kwa mdomo wa mbele, unapita kwenye ule unyevu, unawafikia waliokaa ndani umeshapoa. Ni akili ya mtungi tu. Mtungi wetu hutoa jasho na maji yakapoa, wala hakuna aliyeushangaa. Wazungu wakaitia bati na rangi, mji mzima ukatoka kutazama.

Sasa tangu jana yake pipa lilikuwa likivuma joto. Na saa nane mchana Bi Fakhria, mama yake Bwana Nasor, alikuwa apelekwe Usoke kumwona binti yake aliyejifungua. Jua lilikwisha kumwangusha bibi huyo mara mbili mwaka ule. Bwana Nasor akamwambia Kornel mbele ya watu: "Umeliharibu wewe. Kesho saa nane lisipotoa baridi, acha ufunguo mezani."

Kornel alikuwa ameanza kazi tangu alfajiri. Alitazama mdomo wa pipa, pengine umeziba. Akatoa panzi wawili na jani. Akaendesha mpaka stesheni na kurudi. Joto. Akatazama maji, yamejaa. Akavuta kamba, maranda yanazunguka. Stesheni tena. Joto. Akamwita Wenceslaus, fundi wa karakana ya reli, naye akatia mkono ndani, akautoa, akaufuta kwenye suruali.

"Maranda yamekufa. Yaagizwe Nairobi. Wiki tatu."

"Wiki tatu? Mimi nina masaa matatu!"

"Basi mwambie bibi afungue dirisha," akasema fundi, akapanda baiskeli yake.

Nikamwambia Pelagia ampelekee mumewe chai, kukaa juu ya gunia hakumponyi mtu. Akaenda. Hakukawia kurudi, kikombe bado kimejaa, uso umemwiva.

"Kuna nyuki kwenye lile pipa."

"Nyuki wako kila mahali hapa."

"Hapa kuna masega. Gari liko nje ya lango. Wanafuata nini kule?"

Alikuwa amechomoa uzi mmoja wa maranda. Akaudondoshea maji, na tone likasimama, likateleza kama juu ya bawa la bata. Akaukwaruza kwa kucha, akanusa, akaniletea puani. Nta.

"Ni mimi," akasema.

Juzi yake Kornel alimwomba maji yaliyochemshwa, kwa sababu yale ya kisima yanaacha chokaa. Mwenzangu akachemshia kwenye debe letu la nta. Alilisugua kwa mchanga, eti limetakata! Debe la nta halitakati kwa mchanga, hilo hata mtoto wa Goweko, kijiji cha warina asali, analijua. Akayamimina yangali moto, na nta iliyoyeyuka ikaenda kuyavika maranda yote. Maji yakawa yanapita bila kushika.

"Nikisema, nimemfukuzisha mume wangu kwa mkono wangu. Nikinyamaza, anafukuzwa vile vile."

"Basi sema huku unafanya kazi. Magadi yako wapi?"

Magunia ya kukamulia nta tunayafua kwa kuyachemsha na magadi, na maranda ni nini kama si gunia lililokonda? Nikatoa sufuria yangu ya ugali. Kornel akaleta maranda, akatutazama.

"Yale maji ulichemshia wapi?"

"Kwenye debe la nta."

"Pelagia!"

"Nitukane baadaye. Shika ukingo huu, usiungue."

Maji yakageuka meupe, povu likapanda. Maranda mengine yalikatika mkononi, na kila uzi uliokatika Pelagia aliguna kama amechomwa mwiba. Tukasuuza mara tatu. Kornel alipomaliza kuyarudisha, Bwana Nasor alikuwa tayari mlangoni na mama yake. Hapakuwa na muda wa kujaribu.

Pelagia akasogea. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Bwana, pipa niliharibu mimi. Nilitia maji ya debe la nta. Kornel hakujua."

"Kwa hiyo jana nimemtukana mtu bure?"

"Umemtukana mume wa mkosaji, Bwana."

Bibi alikohoa ndani ya buibui. Bwana Nasor hakucheka. "Limepona?"

"Halijajaribiwa."

"Basi panda, ukae na hiyo kamba. Likivuma joto kabla ya Usoke, mtashuka wote wawili hapo hapo porini, na gari nitaendesha mwenyewe."

Yaliyobaki alinisimulia Pelagia mwenyewe. Katikati ya mji gari lilikwenda polepole kwa ajili ya mbuzi, na upepo ulikuwa wa jikoni. Kornel alimtazama kwenye kioo, jasho likimtiririka. Pelagia akavuta kamba, akavuta tena. Mji ukaisha, gari likashika mwendo. Akahisi kitu kwenye kifundo cha mkono lakini akaogopa kukiamini, akabadilisha mkono. Kilikuwepo. Maili baada ya maili hakuthubutu kuuondoa, akihesabu miti, akingoja kipotee.

Karibu na Usoke Bi Fakhria akazinduka usingizini.

"We binti, acha hiyo kamba! Unataka nimpelekee mjukuu wangu mafua?"

Bwana Nasor akageukia dirisha la upande wake. "Ongeza mwendo, Kornel," akasema, "tufike kabla ya jioni. Na kesho kutwa uje utuchukue."

"Ndiyo, Bibi," akasema Pelagia, akavuta tena.