Taa za Kumpokea Mkwe

Kijana wa jirani yangu amegeuza baraza lake kuwa mahali pa kuchajia betri, na upepo ukigeuka ile harufu chachu ya tindikali inaingia jikoni kwangu bila hodi. Wenzangu husema inawasha pua. Mimi inanitia hofu. Naacha kumenya viazi, nasimama na kisu mkononi kama mtu aliyeitwa, mpaka wajukuu wanaanza kunicheka.

Hofu hiyo ni ya zamani. Ilinishika kijijini kwetu Kichiwa, enzi za Mwingereza, nikiwa mtoto ambaye ukimtafuta humkosi: yuko jikoni, mgongo ukutani, miguu motoni. Baba alikuwa akisema siku ya kuolewa nitachukuliwa pamoja na mafiga. Nje ilikuwa baridi ya Julai, umande umeganda mweupe juu ya majani, nami sikuona sababu ya mtu mwenye akili zake kutoka.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu aliyoinunua kwa mlowezi mmoja aliyerudi kwao. Aliitumia kubeba pareto na mahindi kwenda Makambako. Mama alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, kwa hiyo bibi, yaani mama yake mama, akaja kumwangalia.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawasalimiani, hawasemeshani, mmoja akitokea njiani, mwenzake anajitupa porini. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Bibi alifika giza limeshaingia, na baba, aliyekuwa akifunga turubai la gari, akasikia sauti yake kwenye mianzi. Kumsindikiza haiwezekani. Kumwacha ajikwae kwenye matuta ni aibu. Basi akawasha taa za gari zimmulikie njia, kisha akakimbia kupitia nyuma ya zizi kama mwizi wa kuku.

Asubuhi mama akaanza kulia. Wanawake wakijifungua nilikuwa nimewasikia. Kilio hiki hakikuwa kile. Bibi akaja jikoni amekunja uso. Baba alikuwa amesimama nje, ukuta tu kati yao.

"Mwambie baba yako mtoto amekaa vibaya," bibi akaniambia. "Huyu ni wa hospitali."

Nikatoka. "Baba, bibi anasema..."

"Nimesikia!" Naye tayari anakimbilia gari.

Akabonyeza stata. Gari likasema tk. Akabonyeza tena: tk. Akapiga honi, ikalia kama paka aliyezaliwa jana. Akanyoosha mkono awashe taa aone betri ina nguvu kiasi gani, na mkono ukakuta swichi imeshavutwa. Akabaki ameishika. Ndipo bibi akatoa sauti dirishani.

"Mwambie baba yako taa zile niliziona kwenye ufa mpaka zikawa nyekundu, zikazimika. Ningemwitaje?"

Nikampelekea maneno hayo aliyokwisha kuyasikia. "Mwambie hana kosa," akanijibu kwa sauti ya kufika dirishani, nami nikakimbia kwenda kumwambia bibi kwamba hana kosa. Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo kila nikiingia ndani kilio cha mama kilikuwa kimepungua kidogo.

Baba akafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga wa kijani na mweupe. Akavikwangua kwa kisu, akaniagiza maji ya moto, akavimwagia, akakaza nyaya. Tk. Akafungua vifuniko vya betri, ile harufu chachu ikatoka, akaona maji yamekauka chini, akaongeza ya mvua kutoka kwenye pipa.

"Mwambie ailete motoni ipate joto," bibi akashauri. Kwake kila kilichokufa kwa baridi kilifufukia jikoni: kifaranga, mtoto, mguu wa mtu.

"Mwambie itatulipukia!"

Akachomeka hendeli ya kuwashia mbele ya gari, akazungusha kwa nguvu zote. Hendeli ikarudi nyuma na kumpiga mkono, akaketi chini kwenye umande, ameukumbatia. Sikuwahi kumwona baba ameketi chini hivyo. Nilijua basi kwamba mama anakufa.

Ikabaki kulisukuma. Wanaume wa jirani wengi walikuwa mashambani kwenye mkonge, mbali, kwa hiyo wakaja wake zao. Mama alilazwa nyuma kwenye godoro. Bibi akashika bodi ya nyuma, wanawake wakajipanga ubavuni mwake. Baba akashika usukani, macho mbele, maana nyuma yupo mkwe. Mimi nikakalishwa pembeni yake, kichwa dirishani, nipeleke maneno huku na huku. Njia iliteremka hadi kijitoni, kwenye daraja la magogo, na baada ya hapo ilikuwa mlima. Tukifika darajani gari halijawaka, basi tena.

Likaanza kujongea. Baba akaachia klachi, gari likashtuka, likakwama, kimya. Mama akaguna mara moja.

"Mapema mno!" bibi akasema. "Mwambie angoje lipate mbio!"

Wakasukuma tena. Magurudumu yakashika kasi, daraja likatujia, wanawake nyuma wakipiga kelele za kutiana nguvu. Katikati ya kelele hizo nikatambua kwamba sauti ya mama haimo. Baba naye akatambua.

"Muulize bibi yako," akasema, na sauti ilikuwa si yake, "mama yako anapumua?"

Nikageukia nyuma nimuulize. Bibi hakuningoja.

"Anapumua, mkwe wangu!" bibi akapaza sauti kutoka nyuma. "Achia!"

"Ndiyo, mama!" baba akajibu, akaachia. Gari likapiga kikohozi, likanguruma, tukalipita daraja na kuupanda mlima, moshi ukimfunika bibi aliyebaki barabarani.

Mama alipona. Mdogo wangu alizaliwa hospitali ya misheni, mnyonge lakini analia. Baba alimpelekea bibi blanketi na jembe jipya kusafisha yale maneno waliyosemeshana, na bibi aliporudi kututembelea, baba akakimbilia nyuma ya zizi kama kawaida.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama kichekesho cha mila: mtu mke wake yuko hatarini, naye hageuzi shingo kwa kumwogopa mkwe. Nilikuwa nimeshakuwa mke wa mtu, ninamuuguza mume wangu, nikimpa mgongo kitandani na kujifanya napanga vikombe, nilipokumbuka kwamba kwenye pikapu ile palikuwa na kioo. Kilikuwa mbele ya uso wa baba, kingemwonyesha mama bila kugeuka. Yeye alikuwa amekigeuzia pembeni, kinatazama miti ya miwati, asimwone mama akikata roho. Bibi, kule nyuma, bila shaka alikiona, ndiyo maana hakungoja maneno yangu.